Sufuria Moja, Midomo Miwili

Nyumbani kwa bibi yangu, Nyakato, Mwanza, kulikuwa na sufuria ambayo haikuwahi kuingia jikoni. Ilikaa nje, karibu na mafiga ya kuchemshia maji ya kuoga, nyeusi chini na nyeusi pembeni, mshikio mmoja umeng'oka. Hiyo ilikuwa sufuria ya Popi. Kila jioni bibi alitia maji humo, akasubiri yachemke, akamwaga dona, akatupia konzi mbili za dagaa, na kama mchana kulibaki mchuzi, nao ukaingia. Ikishapoa, Popi alipelekewa fungu lake kwenye karai bovu, na kijiko kimoja kikamegwa pembeni kwa ajili ya paka. Nilikua nikiamini kwamba hiyo ndiyo hesabu yote ya kulisha wanyama wa nyumbani: wapikie pamoja, mkubwa mpe kingi, mdogo mpe kidogo.

Imani hiyo ndiyo iliyompofusha paka wangu.

Nilipohamia Buhongwa kwenye nyumba ya kupanga niliondoka kwa bibi na wanyama wawili. Mmoja ni mtoto wa mbwa wa ukoo ule ule, nikamwita Popi kama babu yake. Mwingine ni kitoto cha paka jike, mweusi tii, nikamwita Chausiku. Majirani walikuwa wakitega sumu ya panya, na mwezi wa kwanza tu niliona paka wa watu wawili wamekufa mferejini, kwa hiyo Chausiku nikamfungia ndani. Popi alishinda bandani, akifunguliwa usiku kulinda. Kazi ilinitoa alfajiri na kunirudisha giza limeingia, sufuria ya nje sikuiweza. Nikawa nanunua mfuko wa chakula kikavu cha mbwa, wa kilo 15, nawagawia wote wawili. Chakula cha paka kilikuwepo rafu ya pili, lakini bei yake kwa kilo ilikuwa karibu mara mbili, na moyoni nikasema chakula ni chakula. Chausiku alikila bila shida. Alinenepa kidogo, manyoya yakang'aa.

Miaka miwili ikapita hivyo. Katika mwaka wa pili wageni walianza kumsifia macho. Mboni zake zilikuwa kubwa, nyeusi, zimefunguka hata saa sita mchana jua likiwa dirishani. Mimi mwenyewe nilimpiga picha nyingi kwa ajili ya macho yale. Sikujua kwamba mboni ya paka inayokaa wazi kwenye mwanga mkali ni jicho linalotafuta nuru na haliipati.

Siku niliyoshtuka aliruka kwenda kwenye kizingiti cha dirisha, ruka ya kila asubuhi, akagonga ukuta chini ya kizingiti na kuanguka. Akajaribu tena, akagonga pale pale. Jioni nilisogeza kiti sebuleni ili nifagie, na akatembea moja kwa moja mpaka akajigonga nacho usoni.

Daktari wa mifugo tuliyemwendea alizima taa, akamulika ndani ya jicho kwa kifaa chake, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaweka kipimo kifuani, akasikiliza, akasikiliza tena.

"Dada, huyu anakula nini?"

"Anakula vizuri, daktari. Simpi makombo. Anakula cha mfuko."

"Huo mfuko una picha ya nani?"

Nilichelewa kuelewa swali. Nilipolielewa sikuweza kumjibu, nikamwangalia tu, naye akatikisa kichwa taratibu.

Kitu alichokikosa Chausiku kinaitwa taurini. Jina hilo linatokana na fahali, kwa sababu Friedrich Tiedemann na Leopold Gmelin, wanasayansi wawili wa Kijerumani, waliitoa kwa mara ya kwanza kwenye nyongo ya ng'ombe dume mwaka 1827. Mwili wa mbwa kwa kawaida hujitengenezea taurini kutokana na protini nyingine. Paka hutengeneza kidogo mno, na nyongo yake huitumia kila siku bila kuwa na kitu mbadala, kwa hiyo anaipoteza bila kukoma. Lazima aile ikiwa tayari, na iliko ni kwenye nyama na samaki, hasa kwenye misuli isiyopumzika kama moyo. Mahindi, ngano na soya, ambavyo hujaza sehemu kubwa ya mifuko ya mbwa, havina cha kumpa.

Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha katika jarida la Science kwamba paka aliyenyimwa taurini huharibika retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha. Mwaka 1987, katika jarida hilo hilo, Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California pale Davis wakaonyesha upande wa pili wa jambo: misuli ya moyo wa paka mwenye upungufu huo hulegea, moyo ukatanuka na kushindwa kusukuma damu, na akirudishiwa taurini moyo unaweza kurudi. Paka wengi waliokuwa wakifa kwa ugonjwa huo walikuwa wanakula chakula cha paka cha viwandani, kile kile wenye mapenzi walichokinunua kwa nia njema. Baada ya hapo watengenezaji wakaongeza taurini kwenye mifuko na makopo ya paka. Kwenye chakula cha mbwa hapakuwa na sababu ya kuiongeza vile vile, kwa kuwa mbwa anajitengenezea.

Daktari aliniandikia taurini ya miligramu 250 asubuhi na 250 jioni. Nilizunguka maduka ya dawa nikaikosa, mwishoni nikaipata katika vidonge vinavyouzwa kwa vijana wanaonyanyua vyuma. Nilikuwa nafungua kidonge, nagawa unga wake mara mbili, nauchanganya na mchuzi wa mioyo ya kuku. Baada ya miezi minne mapigo yaliyokuwa yamemtia daktari wasiwasi yalikuwa yametulia. Macho hayakurudi. Retina ikishakufa haioti tena, na aliniambia hivyo tangu siku ya kwanza ili nisije nikakaa nasubiri.

Swali lililonikosesha usingizi ni hili: mbona paka wa bibi hawakupofuka? Vizazi na vizazi vya paka pale Nyakato walikula kijiko cha dona kutoka sufuria ya mbwa na wakazeeka wakiona vizuri. Nilimpigia bibi kumuuliza. Akacheka kwanza, kisha akaniuliza, "Wewe ulifikiri wale wanaishi kwa kijiko changu?" Akanikumbusha kihenge cha mahindi na panya wake. Akanikumbusha mijusi, panzi, vifaranga wa njiwa. Akanikumbusha kwamba kila alipokwangua sato, magamba, utumbo na vichwa vilikuwa vya paka, na paka walijua siku ya samaki kabla yetu sisi. Kijiko cha dona kilikuwa salamu tu. Mlo wenyewe walijitafutia.

Na panya mzima ni mlo uliokamilika kwa paka: nyama, moyo, ini, mifupa laini, na maji karibu asilimia 70 ya uzito wake. Nilipomfungia Chausiku ndani ili sumu ya jirani isimuue, nilimnyang'anya sahani ambayo sikuwahi kuiona, na badala yake nikamwekea mahindi yenye harufu ya nyama. Nadhani hapa ndipo wengi wetu tunakosea sasa, zaidi ya wazazi wetu. Nyumba zetu zimepata ukuta na geti, mbwa wanafungiwa, paka wanakaa ndani, majalala yanazolewa, maghala hayapo. Mnyama wa zamani alikuwa anakula nje na kuonja kwetu. Mnyama wa leo hana pengine pa kula. Kila kitu ambacho sufuria yako haina, mwili wake hautakipata kamwe.

Hilo halina maana kwamba sufuria ya bibi ilikuwa mbaya. Kwa mbwa ilikuwa karibu sahihi, na nataka kuitetea, kwa sababu kuna watu wanaosema kumpa mbwa ugali ni kumtesa. Si kweli. Mwaka 2013 watafiti wa Uppsala, Sweden, walichapisha katika jarida la Nature ulinganisho wa mbwa na mbwamwitu, na moja ya tofauti walizozipata ni jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga. Mbwamwitu ana nakala 2 za jeni hiyo. Mbwa wana kuanzia 4 mpaka 30. Mbwa amekaa na wakulima kwa maelfu ya miaka na tumbo lake limejifunza chakula cha wakulima. Dona iliyoiva vizuri anaisaga bila taabu. Isiyoiva inamharisha, kwa hiyo chemsha kweli kweli, usikoroge tu na kuepua.

Popi wangu ana kilo 20. Mbwa mzima wa uzito huo, aliyehasiwa na asiyefanya kazi nzito, anahitaji kilokalori 1,000 na ushee kwa siku. Sasa nampikia hivi: dona gramu 180 ikiwa unga mkavu, yaani kikombe kimoja na nusu hivi, dagaa wakavu gramu 60, ambao ni konzi mbili nzuri za mkono wangu, kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti, kipande cha boga au karoti. Mara moja kwa wiki naongeza ini kidogo, na yai nikilipata. Nagawa asubuhi na jioni. Kupima kwa mizani kulinishangaza, maana kabla ya hapo nilikuwa natia dona mara mbili ya hiyo na dagaa nusu, nikidhani nambana kidogo tu kwenye dagaa.

Dagaa wa Ziwa Viktoria, ambao ndugu zetu wa Kisumu wanawaita omena na Waganda mukene, ni neema kubwa kwa mbwa. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa mkavu ni protini, na kwa kuwa analiwa mzima na mifupa yake, kalsiamu inakuja humo humo. Jambo hili ni zito kuliko linavyosikika. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Mtoto wa mbwa anayelelewa kwa nyama ya bucha au mapupu peke yake, mwili wake unaanza kuchota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe; miguu inapinda, inauma, inavunjika kwa kuruka tu ngazi. Nimeona mtoto wa mbwa wa namna hiyo, wa mwenye fedha, anayekula steki kila siku na hawezi kusimama. Asiye na dagaa asage maganda ya mayai yaliyochemshwa na kukaushwa mpaka yawe unga laini: ganda la yai moja lina karibu gramu 2 za kalsiamu, na hiyo inamtosha mbwa wa ukubwa wa Popi kwa siku.

Sokoni Mwaloni, Kirumba, muuza dagaa atakuuliza kwanza: wa kula au wa mifugo? Wa kula wameanikwa kwenye chanja au wavu. Wa mifugo wameanikwa chini, kwenye mchanga, na mchanga wanakuja nao. Bei ni tofauti na nilikuwa siku zote nachukua wa mifugo, kwa sababu kwa jina ndio hao. Ukiwachukua, waloweke kwenye ndoo, wakoroge, waopoe kwa juu, rudia mara tatu, na utashangaa kinachobaki chini ya ndoo. Mchanga ule unasaga meno na unaweza kukwama tumboni. Kayabo usiwape kabisa, ile sangara ya chumvi inayosafirishwa kwenda Kongo. Chumvi yake ni nyingi mno hata baada ya kuloweka. Na mapanki, yale mabaki ya sangara wa viwandani, nyama iliyogandia ni nzuri lakini mifupa yake ni mikubwa na migumu, kwa hiyo chemsha, banyua nyama kwa mkono, mifupa tupa.

Samaki mbichi mfululizo nako si vizuri kwa paka. Baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka asiye na B1 huanza kuinamisha kichwa, kuyumba, kisha degedege. Moto unakiua kimeng'enya hicho. Lakini moto huo huo unaitoa taurini kwenye nyama na kuiacha ndani ya maji, kwa hiyo maji uliyochemshia samaki usiyamwage. Mpe pamoja na samaki wake.

Sasa niseme juu ya mapupu, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu si la mbwa peke yake.

Bucha nyingi zina ndoo ya mapupu na maini yaliyokataliwa, na wenye mbwa wanayanunua kwa bei ya chini au wanapewa bure. Wengi wanawarushia mbwa yakiwa mabichi, hapo hapo. Mapafu na maini ya mbuzi, kondoo na ng'ombe yanaweza kuwa na malengelenge yenye maji, makubwa kama gololi, mengine kama chungwa. Ndani ya maji yale kuna vichwa vya minyoo ya tegu mdogo sana anayeitwa Echinococcus granulosus. Mbwa akiyala mabichi, tegu wanakomaa tumboni mwake kwa muda wa kama wiki sita bila yeye kuonyesha dalili yoyote, kisha anaanza kuacha mayai kwenye kinyesi. Mayai yanashika manyoya, yanaingia kwenye mchanga wa uani, kwenye maji, kwenye vidole vya mtoto. Kwa binadamu yanakwenda kwenye ini au mapafu na kuota lengelenge lile lile, linalokua polepole kwa miaka, mara nyingi mpaka lihitaji kisu cha daktari. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ilikuwa na viwango vya juu kuliko karibu sehemu yoyote duniani, na miaka ya 1980 shirika la afya la AMREF liliendesha huko mpango wa kupima watu, kupasua, na kuwapa mbwa dawa ya minyoo. Jamii za wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania nazo zinaujua ugonjwa huu.

Kinga yake ni moto na subira. Kata mapupu vipande vidogo, chemsha saa nzima kuanzia yanapoanza kutokota. Yenye malengelenge usiyapike hata, yachome au uyafukie chini sana mahali mbwa hawezi kufukua. Na uliza bwana mifugo dawa ya tegu, si ya minyoo ya kawaida tu, maana dawa nyingi za bei nafuu haziwagusi tegu.

Kuna jambo jingine linaloniuma kila ninapolisikia: "Haya mahindi yameota ukungu, wape mbwa." Mahindi hayo yakiingia mashineni, unga wake hauonyeshi kitu. Kuvu wale wanaacha sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Sisi wenyewe tunajua inavyoua. Mwaka 2016 iliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo haraka sana. Ini linakufa, ufizi unakuwa wa njano, anatapika damu. Mwaka 1977 mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa malisho yaliyohifadhiwa vibaya. Hata mfuko wa dukani hauna kinga: mwisho wa mwaka 2005 huko Marekani chakula cha mbwa kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumukuvu kiliua mbwa wapatao 100. Kwa hiyo mahindi usiyoweza kuyala mwenyewe usimpe mbwa, na pumba zilizolowa zikakaukia kwenye gunia usizipokee hata kwa bure. Mfuko ukishafunguliwa ufunge vizuri, uweke mbali na unyevu, na nunua ule utakaoisha ndani ya mwezi.

Halafu mchuzi. Karibu kila mchuzi wetu unaanza na kitunguu, na hapo ndipo makombo yanapogeuka sumu. Kitunguu maji na kitunguu saumu vinavunja chembe nyekundu za damu za mbwa, na za paka zaidi. Kwa paka, gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo ya mwili wake zinatosha kumdhuru. Paka wa kilo 4 ni gramu 20, yaani robo ya kitunguu cha kawaida. Kukaanga hakusaidii, kuchemsha hakusaidii, na unga wa kitunguu unaotiwa kwenye viungo vya pakiti ni mkali kuliko kitunguu chenyewe. Dalili haziji siku hiyo. Zinakuja siku mbili tatu baadaye, mkojo umekuwa wa kahawia na ufizi mweupe, na mtu hakumbuki tena mchuzi. Bibi alikuwa akimwaga mabaki ya mchuzi kwenye sufuria ya Popi kwa kumpenda, ili dona isiwe kavu. Siku hizi namega nyama ya wanyama kabla sijakata kitunguu. Ni kazi ya dakika moja.

Chokoleti, zabibu mbichi na kavu, na pipi au jojo zenye zailitoli, ule utamu unaotiwa badala ya sukari, ni hatari kwa mbwa, hata kiasi kidogo cha hiyo ya mwisho. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, inapasuka kama vijiti na kuchoma utumbo. Na ingawa si chakula, nitalitaja kwa sababu nimeombwa ushauri nalo mara tatu: parasetamo usimpe paka kamwe, hata nusu ya kidonge. Inamuua.

Maziwa ya paka nimeyaacha, na hili bibi bado hakubaliani nami. Paka mkubwa amepoteza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, na wengi wanaharisha. Anachohitaji ni maji. Asili yake ni paka wa jangwani, hana kiu kali, alizoea kupata maji ndani ya mawindo. Ukimlisha kikavu peke yake anakunywa kidogo kuliko anavyohitaji, mkojo unakuwa mzito, na paka dume anaweza kuziba kabisa. Dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo apelekwe siku hiyo hiyo. Kesho yake inaweza kuwa amechelewa.

Kuhusu kipimo, mkono unatosha. Pitisha vidole ubavuni. Mbavu zikisikika kama migongo ya vidole vyako ukikunja ngumi, amekonda. Zikisikika kama ukipapasa mgongo wa kiganja kilichonyooka, yuko vizuri. Ukibonyeza na kusikia kama upande wa ndani wa kiganja chini ya kidole gumba, punguza. Kwetu tunahurumia mbwa mwembamba na kumsifia mnene, lakini kuna utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, uliowafuata mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote: nusu yao walipewa robo pungufu ya chakula cha wenzao, nao waliishi karibu miaka 2 zaidi, na maumivu ya viungo yaliwachelewa.

Chausiku sasa ana miaka saba. Chakula chake ni gramu 30 za kikavu cha paka, chenye picha ya paka, na gramu 100 hivi za samaki au mioyo ya kuku iliyochemka na maji yake. Ini kidogo mara moja kwa wiki, si zaidi, kwa sababu ini likizidi vitamini A inajaa na mifupa ya shingo ya paka inashikana. Karoti na mchicha simwekei. Mwili wake hauwezi kuvigeuza kuwa vitamini A kama wa mbwa unavyoweza, na hata utamu wa boga hauonji, ulimi wa paka haujui sukari. Sahani yake haihami. Iko kona ile ile ya jiko, vigae vitano kutoka mlangoni, nami nimeacha kusogeza viti. Akisikia mfuniko wa sufuria anakuja kwa kupapasa ukuta kwa sharubu, anazunguka mguu wangu mara moja, anakwenda moja kwa moja mpaka kwenye sahani. Kwenye kizingiti cha dirisha nimemwekea stuli mbili za ngazi. Anapanda polepole, anakaa juani, anaelekeza masikio kule ndege wanakolia.

Sufuria ziko mbili. Ya Popi ilitoka Nyakato, bibi alinipa ile ile ya mshikio mmoja nilipoiomba, na ya Chausiku ni ndogo ya lita moja.

Jumamosi nilikwenda Mwaloni mapema kabla jua halijawa kali. Mama ninayenunua kwake alikuwa bado anafungua magunia. Nilimwamkia, akaitikia, akachukua kisado akakielekeza kwenye lundo la pembeni, lile la mchanga, kwa mazoea ya miaka. Kisha akasita, akaniangalia.

"Leo wa kula au wa mifugo?"

"Wa kula, mama. Ni wa paka."

Akahamia kwenye lundo jingine, akajaza kisado, akaongeza konzi moja juu.